Watoto wa Adija na Mikono Yao

Papai lenyewe lilikuwa bichi, kubwa kuliko kichwa cha Bonfils aliyelibeba, na tangu langoni mtoto huyo alikuwa akipiga kelele kwamba asipopokelewa atalidondosha. Adija aliacha kumfunga kamba za viatu mtoto mwingine, akakimbia kumtua mzigo.

"Mama amesema ni ya wewe, Madamu," Bonfils alisema akihema.

"Ya kula ama ya kufundisha?"

Bonfils akafikiri. "Ya kufundisha kwanza."

Siku nyingi za mwaka ule wa 1995 zilianza hivyo katika ile shule ndogo ya chekechea ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura jirani na mto Ntahangwa. Ilikuwa na vyumba viwili vya mbele vilivyotazama barabara, stoo moja ya nyuma, paa la mabati lililovuja mahali ambapo kila mtu alipajua, na uwanja wa udongo mwekundu wenye mparachichi mmoja. Vifaa vya kufundishia vilikuwa vile ambavyo wazazi waliweza kuleta: vizibo vya Fanta, makopo ya maziwa, misumari iliyopinda kutoka gereji za mtaani, mbegu, kamba, beseni la plastiki lenye ufa uliozibwa kwa mshumaa. Mitaa ya kaskazini ya Bujumbura ilikuwa ikiungua na kuhamwa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kulikuwa na siku vijana walipofunga barabara kwa mawe na matairi, mji mzima ukafa, hakuna duka wala gari. Lakini Buyenzi watu walikuwa bado wanaishi mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, wa kabila hili na lile, na asubuhi ikishapambazuka bila milio ya risasi, mama mmoja alichungulia nje, akamwona jirani yake naye anachungulia, basi wote wawili wakawapeleka watoto shule.

Adija alikuwa na miaka thelathini na kitu wakati huo. Mrefu, mwenye mtandio uliokuwa ukiteleza kila alipoinama, na sauti ya chini ambayo watoto walilazimika kunyamaza ili waisikie. Alisomea ualimu wa watoto wadogo, lakini alichokijua zaidi kuhusu namna mtu anavyoelewa jambo hakukipata chuoni. Alikipata katika gereji ya baba yake, mzee Massoudi, kwenye mtaa huohuo wa Buyenzi. Pale gerejini injini ziliguruma kutwa nzima, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Mzee Massoudi aliwafundisha vijana wake kwa mikono: ngumi ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto, inapanda, inashuka, hiyo ndiyo pistoni, vidole viwili vinafunguka, hapo mafuta yanaingia. Baadaye alizima injini akamwambia kijana, "Sasa nieleze." Kijana aliyeelewa alianza kusogeza mikono kabla hajapata neno hata moja. Yule aliyekariri tu maneno, mikono yake ilining'inia kama nguo kwenye kamba. Adija, msichana mdogo aliyeketi juu ya tairi kuukuu akila karanga, aliyaona hayo yote.

Basi asubuhi ile ya papai alijaza beseni maji, watoto wakalizunguka wakisukumana. Msumari mdogo ulizama mara moja. Papai lilitumbukia, likarusha maji yakawalowesha wa mbele, kisha likaibuka likaelea. Kelele zilizopigwa pale zilisikika hadi barabarani.

"Kwa nini musumari umezama na papai inaelea?" Adija aliuliza. "Bonfils, wewe mwenye papai."

"Sababu papai ni kubwa, Madamu. Iko na nguvu."

Hivyo ndivyo mdomo wake ulivyosema. Adija hakuwa anautazama mdomo. Alipokuwa anasema "papai", Bonfils alikuwa amezungushia hewa mikono yake miwili, kisha vidole vikachezacheza katikati, vikitafuta kitu ndani ya lile duara na kukikosa. Alipofika kwenye msumari, alibana vidole viwili kwa nguvu mpaka kucha zikageuka nyeupe, na mkono wote ukavutwa chini kana kwamba kuna mtu anauvuta kutoka sakafuni. Hakuna mtu aliyemfundisha kufanya vile, wala yeye mwenyewe hakujua kwamba amefanya.

"Papai ndani iko na nini?" Adija akamuuliza polepole.

Bonfils alizungusha tena mikono yake, akaitazama kwa mshangao kama mtu aliyekuta sarafu kwenye mfuko wa suruali ya zamani. "Iko... iko na nafasi," alisema. "Na mbegu, na nafasi. Musumari haina nafasi. Imejaa yenyewe!"

Adija alicheka kwa furaha hadi mtandio ukaanguka begani. Alishagundua jambo hili muda mrefu na kila siku lilimstaajabisha upya. Mtoto ambaye mdomo na mikono vyote vimekosea pamoja, huyo mwache kwanza acheze na maji. Lakini mtoto ambaye mdomo unasema hivi na mikono inasema vile, huyo yuko mlangoni. Swali moja dogo tu, naye anaingia.

"Mikono!"

Sauti ilitoka mlangoni. Watoto wote, bila kugeuka, walikunja mikono yao kifuani na kunyamaza. Bonfils aliikunja ile mikono iliyokuwa bado ina papai.

Aliyeingia alikuwa Pascaline, direktrisi, yaani mkuu wa shule, mama mnene kidogo mwenye sketi iliyopigwa pasi kila siku ya Mungu hata mkaa ulipokuwa adimu. Alitoka Gihosha kwa miguu asubuhi na mapema, akashuka mlima na kupita vizuizi vya askari, na hakuwahi kuchelewa. Watoto walimwogopa, na pia walimkimbilia walipoumia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na dawa na mkono mwepesi wa kufunga vidonda. Siku hiyo hakusema kitu mbele yao. Alimwita Adija chini ya mparachichi.

"Adija ndugu yangu, tulikubaliana. Ndani ya darasa mikono inakunjwa."

"Direktrisi, kama angekunja mikono asingeelewa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Mi sikatai." Pascaline alitazama ukuta wa barabarani, ule uliokuwa mfupi kiasi cha kuonyesha vichwa vya wapita njia. "Shule niliyokuwa mbele ya hapa, gari ya watu wenye bunduki ilipita. Mutoto mumoja akaweka mukono hivi." Alinyoosha kidole cha shahada, akakirudisha haraka kama kimeungua. "Anacheza bunduki. Mutoto wa miaka tano. Ile gari ikasimama, wakarudi nyuma. Walikaa na sisi mpaka saa ya mchana, wanauliza nani amemufundisha. Nilipiga magoti, Adija. Hakuna aliyekufa. Lakini mi nilisema, watoto yangu mikono itakaa kifuani mpaka hii vita iishe."

Adija alimwona mwenzake akiusugua mkono wake kwenye sketi, akiufuta, akajua kwamba kile kidole bado kinamwasha.

Kwa hiyo mikono ilikunjwa. Wiki zile darasa lilikuwa na adabu ya kanisani. Adija aliwaonyesha kivuli cha fimbo uwanjani, akaleta maharage yaliyochipua kwenye pamba, akaleta kioo cha kurusha mwanga wa jua ukutani, na watoto walikaa mikono kifuani wakijibu kwa neno moja moja. Ndiyo, Madamu. Apana, Madamu. Siku moja alimuuliza Bonfils kwa nini kivuli cha asubuhi ni kirefu na cha mchana ni kifupi. Mtoto alifungua mdomo, mabega yakatingishika kama ya kuku aliyefungwa mabawa, kisha akaufunga.

"Mi nilikuwa najua," alisema kwa huzuni. "Imekimbia."

Wakati huohuo ndipo alipoletwa Léoncie.

Alikuja na shangazi yake, Mawazo, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi aliyeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Walikuwa wamehama makwao upande wa milimani, na sasa walipangisha chumba kwa familia moja ya Kiislamu nyuma ya msikiti. Mtoto alikuwa wa miaka mitano hivi, mwembamba, amevaa gauni la njano lililomzidi. Tangu kuhama alikuwa hasemi.

"Si kwamba haskii," Mawazo alieleza huku akimnyoosha kola. "Anaskia kila kitu, hata vile visivyomuhusu. Lakini mudomo ameufunga. Mi nimemubembeleza, nimemupiga kidogo, nimemununulia biskuti. Wapi! Labda akiona wenzake."

Darasani Léoncie aliketi mwisho, mikono kifuani kama wengine, na kwa kuwa hakuwa na sauti, hapakubaki kitu chake chochote cha kuonekana. Adija alimpitia kwa macho kila asubuhi akapata uchungu wa mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kwamba ina watu ndani.

Kisha siku moja, wakati wa mapumziko, alimkuta nyuma ya stoo. Mtoto alikuwa amechuchumaa mbele ya kizibo kilichojaa maji, kilichoachwa juani tangu asubuhi, na pembeni yake alikaa kamtoto ka darasa la wadogo. Léoncie alikuwa anakaeleza. Alionyesha maji kizibuni, akaweka kiganja juu yake bila kuyagusa, akakipandisha pole, vidole vikiyumba kama moshi, kikapanda, kikapita kichwa chake, mpaka akasimama kwa vidole vya miguu. Huko juu vidole vilikusanyika vikawa ngumi kubwa, nzito. Ngumi ikaelea ikapita kushoto, ikasimama. Kisha ikafunguka, vidole vyote vikashuka vikipiga-piga udongo, na kimoja kikaingia tena ndani ya kizibo. Kale kadogo kalicheka, kakamwashiria afanye tena.

Adija alibaki ameshika ukuta. Alikuwa ametumia asubuhi nzima darasani kujaribu kuwaeleza watoto mvua inakotoka, na alikuwa ametoka na majibu mawili: Mungu, na Zaire, ng'ambo ya ziwa.

Jioni hiyo alimfuata Pascaline ofisini.

"Direktrisi, ninaomba unisikilize mpaka mwisho. Yule mutoto wa Mawazo mudomo wake umefungwa, si sisi tulioufunga. Lakini mikono yake ni sisi. Tukiifunga na yenyewe, amebaki na nini?"

Pascaline alizungusha kalamu. Nje mtu alipita na baiskeli yenye mnyororo uliolia.

"Ile stoo," Pascaline alisema mwishowe. "Dirisha yake inaangalia wapi?"

"Inaangalia mparachichi."

"Kutoka barabarani hawaoni?"

"Hawaoni kitu."

"Basi hamisha darasa. Ndani ya stoo wafanye vile wanataka. Wakitoka uwanjani, mikono chini. Na unisaidie kutoa hii mifuko ya simenti, mugongo yangu haiko ya zamani."

Waliitoa mifuko pamoja, wakijaa vumbi kama wasaga unga, na Pascaline alipojiona kwenye kioo cha dirisha alicheka kicheko ambacho Adija hakuwahi kukisikia kwake.

Wale waliosoma katika stoo ile, wakubwa sasa, wakikutana huizungumzia mpaka leo. Ilikuwa nyembamba, ikinuka simenti na panya, na watoto walikaa kwenye mikeka kwa sababu madawati hayakuingia. Lakini mikono! Ungeingia ghafla ungedhani ni soko la mabubu. Kuna mtoto alikuwa mzizi unaotafuta maji. Kuna aliyekuwa jua, amesimama pembeni na mkono wake mmoja, na mwenzake akawa fimbo, na wa tatu kivuli kinacholala na kusimama. Walibishana kwa mikono, mmoja akiushika mkono wa mwenzake na kuusogeza: apana, si hivyo, inaenda hivi. Maneno yalikuja baadaye, ya Kiswahili, ya Kirundi, na ya Kifaransa kidogo, yakaiparamia mikono kama watoto wanavyoparamia migongo ya kaka zao. Léoncie hakusema, lakini sasa wenzake walimuuliza mambo, na alipojibu walimtafsiria Madamu kwa fujo, kila mmoja akitaka kuwa mkalimani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa hasira. Alasiri moja anga juu ya ziwa iligeuka rangi ya chungu, milima ya Zaire ikafutika, na giza likaingia stooni kabla ya wakati wake. Watoto walikuwa wakisubiri kuchukuliwa na wazazi. Ghafla mlio mkubwa ukapasuka juu ya mabati.

Hakuna mtoto aliyelia mwanzoni. Walilala chini wote, mara moja, kama walivyozoea, nyuso mkekani na mikono juu ya vichwa. Kisha Bonfils akaanza, "Wanapiga! Wanapiga!" na chumba kizima kikalipuka kilio.

"Ni mvua!" Adija aliita. "Watoto, ni mvua tu, ni radi!"

Hawakumwamini. Na wangemwamini kwa nini? Miaka miwili mizima watu wazima walikuwa wakiwaambia hivyo. Risasi zikilia, baba alisema ni mvua. Bomu likilia, mama alisema ni tairi la lori. Adija mwenyewe alikuwa amesema hivyo, si mara moja. Sasa alikuwa anasema kweli, na maneno yake hayakufika popote.

Pascaline aliingia akikimbia, amelowa, akajilaza chini katikati ya watoto na kuwakumbatia waliofikiwa na mikono yake. Adija akalala upande wa pili. Ndipo alipomwona Léoncie akitambaa.

Mtoto alitambaa hadi katikati ya mkeka, mahali dirisha lilipoonekana, akaketi. Umeme ukamulika. Papo hapo Léoncie akafungua vidole vya mkono wa kushoto mbele ya macho yake, pa! Kisha mkono wa kulia ukaanza kutembea sakafuni, polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoka mbali na mzigo kichwani. Ukatembea, ukatembea. Alipoupiga mkeka kwa kiganja, radi ikanguruma juu ya mabati wakati uleule.

Kilio kikapungua, maana baadhi walikuwa wamechungulia.

Umeme ukamulika tena. Vidole vikafunguka. Mkono ukatembea, safari hii njia ilikuwa fupi zaidi, na kiganja kikapiga pamoja na radi.

"Mwanga kwanza," Bonfils alisema akiwa bado amelala, makamasi yakimtoka. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeanza kutembea. "Mwanga inakuja kwanza. Sauti inachelewa. Inatembea kwa miguu!"

"Tusubiri," Adija alinong'ona. "Tusubiri tuone."

Mwanga uliofuata ulikuta mikono mingi iko tayari. Ikafunguka yote, ikatembea yote kwenye mikeka, na ikapiga kwa pamoja, mingine mapema, mingine kwa kuchelewa, na kicheko kimoja cha woga kikatoka pembeni. Pascaline alikuwa amelala kifudifudi na sketi yake ya pasi ndani ya vumbi la simenti, akitembeza vidole vyake viwili vinene.

Kisha ukaja mlio mwingine, mkavu, mfupi. Haukuwa na mwanga uliotangulia. Mkono wa Léoncie ulikuwa hewani, ukabaki hewani. Aligeuza uso kuelekea milimani, akauchukua mkono ule akauficha kwapani. Watoto wote waliona. Hakuna aliyeuliza. Walirudisha nyuso chini wakatulia kabisa, na Adija hakusema kwamba ni mvua.

Milio ile mikavu ilikuwa michache na ilitoka mbali. Radi ndiyo iliyoendelea, na kwa muda ambao Adija hakuweza kuupima baadaye, watoto walilala pale wakichambua sauti moja moja, hii ya mbinguni, hii ya watu. Mwendo wa vidole ulizidi kuwa mrefu. Mwishowe mtoto mmoja alitembeza mkono mpaka mkeka ukamwishia, akapanda ukutani, na radi bado haijafika.

"Inaenda," Bonfils akatangaza. "Inarudi kwao."

Baadaye Adija alimuuliza Mawazo mtoto alijifunza wapi jambo lile. Mawazo, aliyekuwa na maneno kwa kila kitu, alipanga ndagala wake kwanza. "Tulikaa porini," alisema. "Muda murefu. Ilikuwa wakati wa mvua." Adija alinunua samaki, akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata Pascaline alisimama mbele ya watoto wa shule nzima katika chumba cha mbele. Walipomwona tu, mikono ikajikunja kifuani yenyewe.

"Fungueni," alisema.

Hawakuelewa. Walimtazama Adija.

"Fungueni mikono. Nimeleta pazia." Na kweli alikuwa amebeba kitenge chake mwenyewe, kizuri, cha majani ya bluu, ambacho Adija aliwahi kukiona siku ya ubatizo. Walikitundika kwenye dirisha la barabarani. Nje sheria ilibaki ileile, mikono chini, na Pascaline aliisimamia hadi mwisho, akipita langoni kila asubuhi kama askari. Adija hakubishana naye tena juu ya hilo. Ndani, nyuma ya kitenge, watoto walikuwa na mikono yao.

Watu humuuliza Adija ni lini Léoncie alianza kusema, wakitegemea habari kubwa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mwezi wa pili au wa tatu, na Adija alikuwa akigawa uji. Uji ulikuwa umepoa ukafanya utando juu. Alimwekea Léoncie kikombe chake, akasogea kwa mwingine.

"Mi sitaki hii ngozi," sauti ikasema nyuma yake. Ilikuwa sauti nene, ya kukwaruza, isiyofanana na ule mwili mdogo.

Adija hakugeuka haraka, akiogopa kuitisha. Alichukua kijiko, akautoa utando, akauweka kwenye kikombe chake mwenyewe. "Na hii?" alisema. "Hii iko sawa?"

"Hii iko sawa."

Alimaliza kugawa uji. Kisha alienda nyuma ya mparachichi, akakaa juu ya mzizi, akalia mpaka Pascaline akaja kumtafuta akidhani kuna habari mbaya kutoka nyumbani. Alipoambiwa, direktrisi naye alikaa chini, na uji wa wengine ukapoa.

Mwaka 1996 Mawazo alipata ndugu Rumonge wenye mashamba ya michikichi, akamchukua mtoto wakahama. Waliondoka asubuhi kwa basi dogo, Léoncie akiwa dirishani na gauni lilelile la njano, ambalo sasa lilikuwa limeanza kumtosha. Alikuwa akisema na kondakta. Adija alisikia anamuuliza gari linakula nini.

Baadaye vilikuja vikwazo vya nchi jirani, mafuta yakakosekana, gereji za Buyenzi zikakaa kimya, na mzee Massoudi akafariki katika kimya hicho. Shule iliendelea kwa miaka michache kwa mapapai, vizibo na wazazi waliolipa kwa maharage. Mwenye jengo alipoliuza, Adija na Pascaline walifunga mlango pamoja, wakagawana vitu: mmoja akachukua beseni, mwingine kitenge.

Leo, miaka kumi baadaye, vita vikiwa vimekwisha na watu wanapanga foleni za kupiga kura kwa utulivu unaowashangaza wenyewe, Adija anafundisha shule nyingine, huko Mutakura kaskazini mwa mji, yenye madirisha makubwa na madawati ya kutosha. Ni shule nzuri. Lakini akiwa peke yake akisahihisha, hukumbuka harufu ya simenti na panya, na jinsi chumba chembamba vile kilivyoweza kubeba jua, mvua na mizizi kwa wakati mmoja, wakati nje hakuna aliyejua kesho ina nini. Hakuipenda miaka ile. Hakuna mtu mwenye akili aliyeipenda. Anachokikosa ni watoto wale, na kule kusubiri pamoja.

Siku za Jumapili, Pascaline akishatoka misa, Adija hupanda Gihosha kumtembelea. Juzi alimkuta na mgeni sebuleni: Mawazo, amenenepa, amekuja mjini na madumu ya mawese. Walikumbatiana, wakaulizana afya za watu wote waliowajua.

"Na mutoto?" Adija aliuliza.

"Mutoto gani? Yule ni mama muzima, ananipita urefu." Mawazo alipiga kiganja kwa kiganja kwa kukata tamaa. "Mwalimu wake ananiita kila trimestri, kila miezi mitatu. Eti akili iko, lakini anasema mno. Anabishana na mwalimu wa fizikia mbele ya watu. Mi nimemwambia mwalimu, vumilia, baba, huyo alichelewa kuanza."

Pascaline alicheka hadi akashika mbavu. Adija akavua viatu, akajiegemeza kwenye kiti, akaomba aambiwe yote tangu mwanzo: wanabishana juu ya nini hasa, na nani huwa anashinda.